Mgonjwa wa kwanza katika nyumba ya wazee: mwongozo kamili kwa muuguzi kiongozi wakati wa janga

Jumatatu mzee mmoja anakohoa. Jumatano mwenzake wa chumbani hataki chakula. Kufikia Jumapili korido nzima inaumwa na walezi wanne hawajaja kazini. Muulize kiongozi alifanya nini, naye atakupa orodha ndefu: barakoa zilivaliwa, milango ilifungwa, vitasa vilipanguswa kutwa mara tatu.

Ukiitazama ratiba ya zamu ndipo unapoliona tatizo. Mlezi aliyemwogesha mgonjwa Jumatatu asubuhi ndiye aliyewalisha wazee sita wazima mchana, na jioni akaenda kupiga dabo katika nyumba nyingine upande wa pili wa mji. Virusi havina miguu. Vilibebwa.

Hali hii inawakuta sana wauguzi wetu walioko Marekani, wale waliopanda kutoka ulezi hadi kukabidhiwa jengo zima, na hata wale waliofungua nyumba zao ndogo za kulea wazee katika jimbo la Washington. Mwongozo huu ni wao. Mifano mingi ni ya korona, lakini hatua hizi hazibadiliki sana ukikutana na homa ya mafua au ugonjwa mwingine wa njia ya hewa. Kanuni za kila jimbo hubadilika, kwa hiyo palipo na tofauti, neno la idara ya afya ya kaunti yako ndilo la mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla

Viweke mahali pamoja, na pasiwe kabati ambalo ufunguo wake msimamizi wa mchana huenda nao nyumbani. Mlipuko wa ugonjwa haungoji siku ya kazi.

- Barakoa za N95 (zile zinazoziba uso na kuchuja hewa) za aina na saizi ambazo wafanyakazi wako wamejaribiwa nazo, kuona kama hewa haipenyi pembeni. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inataka jaribio hilo lifanyike kila mwaka. Ndevu huiharibu kabisa barakoa hii. Mwenye misuko mikubwa au hijabu ajaribiwe akiwa amevaa vile atakavyovaa kazini, kwa sababu mikanda huteleza.
- Gauni, glovu, na miwani au ngao za uso. Usihesabu kwa idadi ya wafanyakazi. Hesabu mara ambazo mtu huingia chumbani: dawa, chakula, choo, kugeuzwa kitandani, maji. Zidisha kwa vyumba, kisha kwa siku 7. Wengi hushangaa wakiona jibu.
- Vipimo vya haraka vya korona ambavyo muda wake haujaisha, pamoja na makubaliano na maabara ya kupima homa ya mafua.
- Kipimajoto na kipima oksijeni cha kidole kwa kila chumba kitakachotengwa. Kikiingia hakitoki mpaka kitakaswe.
- Kitakasa mikono chenye alikoholi ya asilimia 60 au zaidi, ndani na nje ya kila mlango.
- Pipa la taka ndani ya chumba, karibu na mlango.
- Karatasi moja kwa kila mzee: hali yake ya kawaida, dawa zote anazotumia, kipimo chake cha figo cha karibuni, maagizo yake ya matibabu ya mwisho wa maisha (fomu ya POLST au ya jimbo lako), na nambari ya ndugu mmoja wa kupigiwa.
- Ramani ya jengo na kalamu za rangi tatu.
- Ratiba ya zamu yenye safu ya ziada: huyu mfanyakazi, pengine anafanya kazi wapi?

Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana karibu kila mahali.

Chanjo za wazee na wafanyakazi ziwe zimekamilika kabla ya msimu wa baridi. Kwa homa ya mafua, wenye miaka 65 na zaidi wapewe chanjo iliyoongezwa nguvu ikipatikana. Chanjo haizuii kila maambukizi, ila huamua nani atapona chumbani mwake na nani atapandishwa ambulensi.

## Hatua ya 1: Ijue kawaida ya kila mzee

Mzee wa miaka 88 anaweza kuwa na nimonia bila kupata homa ya kukufanya ushtuke. Ukingoja nyuzi 38 utachelewa. Kwa wazee wa nyumba hizi, joto la mdomoni linalopita 37.8 mara moja, au linalopita 37.2 zaidi ya mara moja, au lililopanda nyuzi 1.1 juu ya kawaida yake, lihesabu kuwa homa.

Huwezi kujua limepanda ikiwa hukujua lilikuwa wapi. Pima joto, mapigo, pumzi na oksijeni ya kila mkazi akiwa mzima, siku kadhaa mfululizo, uandike kwenye ile karatasi yake.

Oksijeni ikishuka kwa zaidi ya 3 kutoka kawaida yake, hilo ni badiliko hata kama bado inasoma 93. Hapa liko jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulijua kuliko wengine: kipima oksijeni cha kidole huweza kusoma juu kuliko ukweli kwa mtu mweusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulilionyesha hilo waziwazi. Mkazi mweusi anayepumua haraka huku mashine ikisema 95, mwamini yeye, si mashine.

Dalili za mwanzo mara nyingi hazifanani na mafua. Mzee ameacha chai yake. Ameanguka, na hajawahi kuanguka. Amemwita mlezi kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Anayeyaona haya kwanza ni mlezi anayemvisha soksi kila asubuhi, si muuguzi aliyekaa na kompyuta. Kwa hiyo waambie walezi wako wazi: "Mama leo hayuko sawa" ni taarifa kamili. Hawahitaji kuisindikiza na namba ndipo uinuke kitini.

Onyo: usimkejeli mlezi aliyekuita bure. Ukimkejeli mara moja, siku ya pili atanyamaza, na siku hiyo ndiyo utakayomhitaji.

Umefaulu ikiwa: mlezi wa usiku anaweza kukuambia, bila kufungua faili, ni mkazi gani kabadilika tangu jana.

## Hatua ya 2: Saa ya kwanza, usimhamishe mtu

Ukimshuku mmoja, kila mtu abaki alipo. Mvishe mgonjwa barakoa akiivumilia, funga mlango ikiwa hakuna hatari ya kuanguka, weka alama mlangoni, na vifaa vya kujikinga viwe nje ya mlango. Mpime. Wapigie daktari na idara ya afya ya kaunti.

Sasa kuna mwenzake wa chumbani. Hapa ndipo nyumba nyingi hujichoma zenyewe. Kiongozi, kwa nia njema kabisa, humtoa yule mwenza "ili asiambukizwe" na kumlaza na mzee mwingine mzima korido ya pili. Lakini mwenza huyo amelala usiku kadhaa hatua tatu kutoka kwa mgonjwa. Huenda tayari anavyo virusi. Umechukua moto wa chumba kimoja ukaupeleka chumba cha pili.

Ikiwa una chumba kitupu, mpe mwenza akae peke yake. Kama huna, abaki palepale, pazia kati yao, vitanda vitengane kadiri inavyowezekana, dirisha lifunguliwe kidogo au kichujio cha hewa cha HEPA kiwashwe, na ahesabiwe kuwa aliyekaa na mgonjwa mpaka vipimo viseme vingine.

Vilevile, ikiwa mgonjwa anatumia mashine ya mvuke kwa ajili ya pumu, muulize daktari kama pampu yenye chupa yake ya plastiki inaweza kutosha kwa sasa. Mashine ya mvuke huyatawanya matone madogo ya hewa chumba kizima.

Umefaulu ikiwa: saa moja baada ya kushuku, hakuna mkazi aliyelala kitanda kipya karibu na mtu mpya.

## Hatua ya 3: Ikate ratiba upya

Hii ndiyo kazi yako hasa. Mengine yote mtu mwingine anaweza kuyafanya kwa niaba yako. Hili hapana.

Twaa ramani ya jengo na kalamu tatu. Nyekundu kwa vyumba vya waliothibitishwa, njano kwa waliokaa nao karibu, kijani kwa wazima. Kisha andika majina ya walezi, wauguzi, wafagiaji na wagawa chakula, kila mmoja rangi moja. Anayeshika nyekundu hashiki kijani, leo wala kesho, hadi mlipuko utangazwe kuisha. Ukiona jina moja lina rangi mbili, hapo pana mlango uliouacha wazi.

Chukua mfano wa Februari 2020 katika nyumba ya uuguzi ya Kirkland, karibu na Seattle. Kufikia katikati ya Machi, watu 167 walikuwa wamethibitishwa kuhusiana na nyumba ile: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Wachunguzi walitaja, miongoni mwa sababu za kusambaa, wafanyakazi waliokuja kazini wakiwa na dalili na waliokuwa na kazi katika nyumba zaidi ya moja. Jirani yao wa kaskazini, jimbo la British Columbia nchini Kanada, aliagiza Machi hiyohiyo mfanyakazi wa nyumba za wazee afanye kazi sehemu moja tu. Wewe huna mamlaka ya serikali, lakini unaweza kumuuliza kila mtu wako: pengine unafanya wapi, na huko kuna wagonjwa?

Uliza bila sauti ya polisi. Wengi wetu tunafanya kazi mbili kwa sababu kuna karo nyumbani, kuna mjengo unaosubiri mabati, kuna mzazi anayesubiri pesa ya dawa. Anayejua kuwa jibu la kweli litamkatia saa, atakupa jibu la uongo. Ukiweza, mpe saa za ile kazi ya pili hapahapa kwako, alipwe, abaki jengo moja kwa wiki hizo. Utalipa muda wa ziada, ndiyo. Mlipuko ni ghali kuliko huo.

Wafanyakazi wa wakala, wale wanaoletwa na kampuni kuziba zamu, pia. Mwambie wakala: huyu akija, anakaa upande mmoja tu kwa muda wote, na simtaki anayetoka jengo lenye wagonjwa jana yake. Wakala watalalamika. Waache walalamike.

Kwa usiku ambao una mlezi mmoja tu, na katika nyumba ndogo za wakazi sita hali huwa hivyo mara nyingi, rangi haziwezekani. Hapo mpangilio ni huu: anza na wazima, fuata waliokaa na mgonjwa, malizia na mgonjwa. Dawa, maji, choo, kugeuza, vyote kwa mpangilio huo. Akiitwa na mgonjwa katikati, avae upya kila kitu, na akitoka anawe kabla ya kugusa mlango mwingine.

Usisahau mahali wafanyakazi wanapokaa bila barakoa. Chumba cha mapumziko ni kidogo, watu wamechoka, mtu kaleta chapati na maharage ya kutosha kila mmoja, wanakaa mkabala wanakula na kucheka. Wenye nyekundu na wenye kijani wameketi meza moja! Vunja muda wa mapumziko kwa zamu, kiti kimoja kwa kila meza, au watu wale kwenye magari yao kama hali ya hewa inaruhusu. Na wale wanaopandana gari moja alfajiri kuja kazini wawekwe rangi moja. Hilo la gari hata wakaguzi huwa hawaliulizi.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuweka kidole kwenye chumba chochote katika ramani na kutaja majina ya watu wote watakaoingia humo kwa saa 24 zijazo.

## Hatua ya 4: Iwe rahisi kusema "naumwa"

Kizuizi kizuri kuliko barakoa ni mlezi anayepiga simu alfajiri kusema hajisikii vizuri. Anapiga au hapigi kutegemea ulivyomjibu mwenzake wiki iliyopita.

Simu huwa kama hivi:

— Shikamoo dada. Samahani nakupigia mapema. Nimeamka koo linanikereketa, lakini nitakuja tu, si mbaya.

— Marahaba, pole sana mdogo wangu. Usije kwanza. Una kipimo hapo ndani? Jipime sasa hivi, unipigie tena. Zamu yako nishaipatia mtu.

— Lakini dada, saa zangu…

— Saa zako za ugonjwa zipo, nitaziandika mimi mwenyewe. Jipime.

Majibu hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayofanya kazi: zamu ina mtu, na pesa ipo. Kwa hiyo uwe na mtu wa akiba kweli kwenye kila zamu, na ujue sheria ya jimbo lako kabla simu haijalia. Massachusetts humpa mfanyakazi hadi saa 40 za ugonjwa kwa mwaka, za kulipwa kwa waajiri wenye watu 11 na zaidi. Washington huhesabu saa 1 ya ugonjwa ya kulipwa kwa kila saa 40 za kazi. Walezi wengi hawajui wana haki hizi. Zibandike ukutani.

Mwenye dalili aliyepima akakosa kuonekana na korona kwa kipimo cha haraka asirudi mbio. Arudie kipimo baada ya saa 48. Aliyethibitika, utaratibu wa kawaida ni kukaa nje siku 7 ikiwa amepima tena na hakukutwa nayo, au siku 10 bila kupima, awe hana homa kwa saa 24 bila dawa ya kushusha homa, na dalili zinapungua.

Onyo: neno "jaribu tu uje, tutaona" likitoka mdomoni mwako mara moja, sera yote uliyoandika imekufa.

Umefaulu ikiwa: unapata simu za "koo linakereketa" nyingi kuliko ulivyotarajia. Zikikauka kabisa katikati ya msimu, shuku.

## Hatua ya 5: Kuvaa, na hasa kuvua

Kuvaa: nawa, gauni, barakoa ya N95 (ibonyeze puani, vuta pumzi uone kama inanyonya, puliza uone kama hewa inatoroka pembeni), miwani au ngao, kisha glovu juu ya mikono ya gauni.

Kuvua ndiko kunakoambukiza, kwa sababu mtu amechoka na anataka kutoka. Glovu kwanza, takasa mikono, kisha miwani kwa kushika nyuma, kisha gauni kwa kuikunja ndani-nje mbali na mwili, vyote ndani ya chumba na kwenye pipa lililo karibu na mlango. Toka, funga mlango, ndipo uvue N95 kwa kushika mikanda. Takasa mikono tena.

Mpe mtu mmoja kwa kila zamu kazi ya kusimama na kutazama wenzake wakivua. Si kuwakamata, ni kusema "mkono, mkono" kabla haujafika usoni. Wiki ya kwanza watu huona aibu. Wiki ya pili hukumbushana wenyewe.

Gauni haitembei koridoni. Ukimwona mtu kavaa gauni anaongea na karani pale mapokezi, rudi mwanzo wa hatua hii pamoja naye.

Usafi wa vitu: soma kwenye chupa dawa inatakiwa kubaki ikiwa majimaji kwa dakika ngapi, uiache dakika hizo. Usichanganye klorini na kisafishaji kingine chochote. Ila kwa ugonjwa wa hewa, kupangusa huku kusikumalizie watu unaowahitaji kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Pima watu wasio na dalili

Machi 2020, katika nyumba moja ya uuguzi ya King County, kaunti ilimo Seattle, wakazi 76 walipimwa, wenye dalili na wasio nazo. Waliokutwa na virusi walikuwa 48, na zaidi ya nusu yao, 27, hawakuwa na dalili siku ile. Wengi wao walizipata baadaye. Kwa hiyo anayepima wanaokohoa tu anaiona nusu ya tatizo, tena nusu iliyochelewa.

Aliyekaa na mgonjwa apimwe mara tatu: saa 24 baada ya kukutana naye au zaidi kidogo, kisha saa 48 baadaye, kisha saa 48 tena. Kwa hesabu rahisi, ikiwa siku ya kukutana ni 0, pima siku ya 1, ya 3 na ya 5. Ukipata mwingine, au huwezi kujua nani alikaa na nani, pima upande mzima, na urudie kila baada ya siku 3 hadi 7 mpaka siku 14 zipite bila mpya.

Kila jina liingie kwenye orodha moja: chumba, tarehe ya dalili, tarehe ya kipimo, jibu, mlezi wake. Ikague kila asubuhi kwa macho ya mpelelezi. Wagonjwa watatu wenye mlezi mmoja ni habari. Wagonjwa watatu waliokaa meza moja ya chakula pia ni habari.

Pima na homa ya mafua msimu wake ukiwadia. Wakazi wawili wakiugua ndani ya saa 72 na mmoja akathibitika kuwa nayo, zungumza na daktari siku hiyohiyo kuhusu kuwapa oseltamivir (Tamiflu, dawa ya virusi vya mafua) wakazi wote wasioumwa, waliochanjwa na wasiochanjwa, kwa angalau wiki 2 na hadi siku 7 zipite tangu mgonjwa wa mwisho. Kiasi cha dawa hutegemea hali ya figo za mtu.

## Hatua ya 7: Dawa kabla siku 5 hazijaisha

Paxlovid, vidonge vya kutibu korona, lazima ianze ndani ya siku 5 tangu dalili. Siku hizo huisha haraka kwenye nyumba ya wazee: moja hupotea kumngoja daktari, nyingine kutafuta kipimo cha figo, ya tatu famasia inauliza orodha ya dawa. Ndiyo maana ile karatasi ya kila mkazi iliandikwa mapema.

Mpigie daktari ukiwa na jibu la kipimo, siku ya dalili, figo, na orodha ya dawa zote mkononi. Taja kwa jina simvastatin (ya kolesteroli), amiodarone (ya mapigo ya moyo) na dawa za kuyeyusha damu ikiwa mkazi anazitumia, maana Paxlovid hugombana nazo. Uamuzi ni wa daktari, lakini daktari wa zamu ya usiku hamjui mkazi wako. Wewe unamjua.

Siku hiyohiyo, kabla hali haijabadilika, fungua maagizo yake ya mwisho wa maisha. Anataka hospitali? Anataka mashine ya kupumulia? Mazungumzo haya ni magumu kwetu. Tumelelewa kutotaja kifo mbele ya mgonjwa. Yafanye mchana, mkiwa mmeketi, na mkazi mwenyewe kama akili yake iko sawa. Usiku wa manane, ambulensi ikiwa mlangoni na mtoto wake analia kwenye simu, si wakati wake.

## Hatua ya 8: Familia zisikie kutoka kwako kwanza

Wakati wa korona sheria ya shirikisho ilizitaka nyumba za uuguzi ziwaarifu wakazi na familia kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata baada ya kuthibitika mgonjwa. Hata bila sheria, ishike saa hiyo.

Chagua mtu mmoja wa kupiga, saa moja maalumu kila siku. Sema mambo matatu: wagonjwa ni wangapi, mzazi wako yuko rangi gani, na nitakupigia tena lini. Usiseme "hali imedhibitiwa" kabla siku 14 hazijaisha. Ukikosea mara moja hawatakuamini tena. Na usitaje jina la mgonjwa mwingine, hata kama aliyekuuliza ni rafiki wa kanisani.

Kuhusu kufungia wageni kabisa, nina msimamo wangu. Machi 13, 2020 Marekani ilizifunga nyumba za uuguzi kwa wageni karibu wote, na wazee wengi walikonda, wakaacha kuongea, wakafa bila mkono wa mtu wao. Mgeni mmoja aliyefundishwa kuvaa, akiketi na mama yake chumbani na kumlisha uji, anaokoa kazi ya mlezi mmoja. Mfundishe, mruhusu, mradi kaunti inaruhusu.

## Hatua ya 9: Upande wa wenye usahaulifu

Mzee mwenye dementia hatakaa chumbani kwa sababu umeweka alama mlangoni. Kumfungia ni kosa la kisheria, tena ni hatari moto ukizuka. Kumpa dawa ya kumlaza ili asitembee ni kosa lingine.

Uhesabu upande wote kuwa chumba kimoja. Walezi walewale kila siku, wasiotoka kwenda pengine, wakiwa na N95 na kinga ya macho zamu nzima. Mpe mtembezi njia yake ya kutembea, na mlezi atembee naye akimtakasa mikono kila mzunguko. Barakoa ya mlezi humtisha anayesahau nyuso, kwa hiyo bandika picha ya uso wake akitabasamu kifuani. Asiyesikia vizuri mwandikie kwenye ubao mdogo badala ya kumpigia kelele.

Na pima uzito wa kila mtu kila wiki, upande huu na kwingine. Mzee aliyetengwa husahau kunywa maji. Mpe kikombe mkononi, subiri anywe, kisha uondoke. Kikombe kilichojaa pale mezani jioni maana yake hakuna aliyesubiri.

## Hatua ya 10: Kuufunga mlipuko

Mgonjwa hutoka kwenye kutengwa baada ya siku 10 tangu dalili, akiwa hana homa kwa saa 24 na anaendelea vizuri. Mwenye kinga dhaifu sana anaweza kuhitaji hadi siku 20, muulize daktari. Jengo zima hufungua ukurasa baada ya siku 14 bila mgonjwa mpya, kati ya wakazi na wafanyakazi pia.

Usilegeze ratiba ya rangi siku ya 9 kwa sababu watu wamechoka. Mpokee mkazi anayetoka hospitali akiwa amepimwa na ana chumba chake. Uingereza iliwarudisha wagonjwa kwenye nyumba za wazee bila kuwapima mpaka katikati ya Aprili 2020, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikasema sera hiyo ilikuwa kinyume cha sheria.

Wiki inayofuata, ita zamu zote, za usiku zikiwemo, kwa saa yao si yako. Uliza maswali mawili: nani aliona dalili ya kwanza, na ilimchukua saa ngapi kumfikia muuguzi? Andika jibu la pili kwa herufi kubwa juu ya ratiba mpya ya zamu, kisha anza kupunguza saa hizo.